Picha ya bibi: kwa nini macho yaliona na kamera ikakosa

Hebu fungua simu yako utafute picha ya mtu mmoja unayempenda. Si selfi. Picha uliyompiga wewe mwenyewe. Sasa jiulize: mtu huyu akiondoka kesho, picha hii itatosha?

Mimi nilijiuliza swali hilo nikiwa nimeshachelewa. Bibi yangu aliishi Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Siku hizi huko ni Wilaya ya Nyasa, ila wazee wengi bado wanasema "kwetu Mbinga", kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kabla wilaya haijagawanywa. Likizo moja nilimpiga picha jioni, ziwa likiwa nyuma yake, kavaa kitenge cha rangi ya chungwa, anacheka. Nikaangalia kioo cha simu haraka haraka, nikaridhika.

Alipofariki mwaka uliofuata, familia ikatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Wote wakanigeukia: "Si wewe ulimpiga?" Nikaitoa. Bibi alikuwa mdogo, amezungukwa na mchanga na mbingu. Uso mweusi. Mstari wa maji umemkata shingoni. Na kichwani imeota nguzo ya kichanja cha kuanikia dagaa. Fundi wa studio akauvuta uso, akauvuta tena, mpaka ukawa vimraba tupu. Tukamzika bila picha.

Simu haikuwa mbovu, na mkono wangu haukutetemeka. Nilichokosa ni mpangilio wa picha, yaani namna ya kuweka mistari, maumbo, mwanga, rangi na nafasi ndani ya fremu. Watu wengi wanadhani hayo ni mambo ya wasanii. Ukiyachunguza vizuri, utakuta ni fizikia kidogo, jiometri kidogo, na biolojia ya macho kwa sehemu kubwa. Twende taratibu.

Jicho linachagua, kamera haichagui

Nyosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo dogo hilo, kama nyuzi 2 hivi za pembe, ndilo pekee unaloliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Linaangukia sehemu ya retina iitwayo fovea, ambako chembe za kuona zimesongamana sana. Kwingine kote unaona kwa ukungu. Hujui kama ni ukungu kwa sababu macho yako hayatulii: yanaruka kutoka hapa kwenda pale karibu mara 3 kila sekunde, na ubongo unaunganisha vipande.

Katika miaka ya 1950 na 1960, mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus alirekodi miruko hiyo. Aliwaonyesha watu michoro, akafuatilia macho yao yanapotua. Hayakutua ovyo. Yalikwenda kwenye nyuso, yakarudi kwenye nyuso, na yalibadilisha njia kulingana na swali aliloulizwa mtazamaji. Anga na kuta tupu ziliguswa kidogo sana.

Basi rudi nami ufukweni. Nilipomtazama bibi, macho yangu yalikuwa usoni kwake. Nguzo sikuiona. Mchanga sikuuona. Ubongo wangu ulikuwa umeshachagua, ukakuza kilicho muhimu na kufuta mengine. Kamera haikuambiwa lolote. Yenyewe ilirekodi kila pembe ya fremu kwa usawa: mchanga, nguzo, mawingu, na bibi kama kimoja kati ya vitu vingi.

Ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, liwe hili: kupanga picha ni kuifanyia kamera, kabla hujabonyeza, kazi ya kuchagua ambayo ubongo wako umekwisha kuifanya bila kukuambia.

Ukubwa: miguu inashinda vidole

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi pana. Ukiishika simu kwa mlalo, urefu wa fremu kwenda juu unakaribia kulingana na umbali uliopo kati yako na mtu. Ukisimama mita 10, fremu inafunika kama mita 10 toka chini hadi juu. Ukisimama mita 3, inafunika kama mita 3.

Bibi alikuwa na urefu wa kama mita 1.5, nami nilisimama mita 10 hivi ili "ziwa liingie lote". Kwa hiyo alichukua asilimia 15 tu ya urefu wa picha. Simu yangu ilikuwa ya megapikseli 8, picha yenye pikseli 2448 kwenda juu. Asilimia 15 ya hizo ni kama 367, mwili mzima. Kichwa cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya saba ya urefu wake. Piga hesabu: kichwa cha bibi kilipata pikseli 52 hivi. Ukikichapisha kwa urefu wa sentimita 10, kila pikseli inakuwa mraba wa karibu milimita 2. Ndiyo vile vimraba alivyoviona fundi.

Ningesogea hadi mita 3, kichwa hichohicho kingepata kama pikseli 175. Hatua saba au nane tu kwenye mchanga.

Na ziwa je, lisingekatika? Hapa ndipo jiometri inapofurahisha. Ukubwa wa kitu kwenye picha unapungua kadiri umbali unavyoongezeka. Aliye mita 10 ukimsogelea hadi mita 3 anakua zaidi ya mara tatu. Lakini mlima ulio kilomita 5 mbele yako, ukisogea mita 7, unabaki vilevile machoni. Ukisogea unamkuza mtu na kuiacha mandhari kama ilivyo. Ukikuza kwa vidole kwenye kioo, mara nyingi simu inakata tu kipande cha picha na kukipanua, na pikseli haziongezeki hata moja.

Mistari: upeo wa maji una tabia yake

Kwa nini ubongo unajali sana mistari? David Hubel na Torsten Wiesel waligundua kwamba kuna chembe kwenye ubongo, katika sehemu ya kuona, ambazo huitikia mistari na kingo zenye mwelekeo fulani: nyingine mstari uliolala, nyingine uliosimama, nyingine wa mshazari. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa maneno mengine, kabla hujajua kama unatazama mtumbwi au mwamba, ubongo wako umeshaanza kushughulika na kingo.

Ufukweni, mstari wenye nguvu kuliko yote ni ule ambapo maji yanakutana na mbingu. Una tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: kwenye picha, upeo huo hukata vitu vyote vilivyo karibu nawe kwenye kimo kilekile cha kamera. Ukishika simu mita 1.3 toka mchangani, yeyote aliyesimama kwenye mchanga huohuo atakatwa na upeo kwenye mita 1.3 ya mwili wake. Mimi niliishika kifuani, kama wengi tunavyofanya ili tuone kioo. Bibi wa mita 1.5 akakatwa shingoni.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Chuchumaa, simu iwe kwenye kimo cha kiuno chake: upeo unashuka kiunoni, kichwa na mabega vinabaki peke yake mbinguni. Au panda juu ya mwamba, Lipingo si kwamba miamba imepungua: upeo unapanda juu ya kichwa chake, na anabaki mzima mbele ya maji. Usifanye tu ile ya katikati.

Mistari mingine itumie ikusaidie. Kamba ya mtumbwi, ukingo wa mawimbi, safu ya vichanja: macho hufuata mstari hadi unapoishia. Simama mahali ambapo mstari unaishia kwa mtu wako. Ukimwacha pembeni, mstari utampeleka mtazamaji nje ya picha.

Nguzo iliyoota kichwani

Pale ufukweni kichanja kilikuwa mbali nyuma ya bibi, na nilijua hivyo bila kufikiri. Macho mawili, yaliyoachana kama sentimita 6, yanaona picha mbili zinazotofautiana kidogo, na ubongo unatumia tofauti hiyo kupima kina. Kamera ilikuwa na jicho moja. Ikamlaza bibi na nguzo kwenye bapa moja.

Baada ya hapo, ubongo wa mtazamaji unafanya kosa lake la kawaida. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza kanuni tunazotumia kukusanya vitu tunavyoviona: vilivyo karibu tunaviona kundi moja, vinavyofanana tunaviweka pamoja, na mistari inayoendelezana tunaiona kuwa kitu kimoja. Nguzo ilianzia pale kichwa kilipoishia. Kwa macho, ni kitu kimoja kirefu.

Kama unadhani macho hayawezi kudanganyika kiasi hicho, waulize Liuli, jirani zetu kwenye ufuko huohuo. Wajerumani walipoiona miamba ya pale bandarini waliona sfinksi, yule mnyama wa jiwe wa Misri, wakapaita Sphinxhafen, yaani bandari ya sfinksi. Jina hilo limeingia kwenye vitabu vya historia, kwa sababu Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Mwamba haukuwa umechongwa na mtu. Ubongo uliunganisha kingo ukapata umbo unalolijua, jina likabaki kwenye vitabu.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, fumba jicho moja. Kweli, fumba. Dunia inakuwa bapa kama picha itakavyokuwa, na nguzo inajitokeza mara moja. Kisha sogea hatua moja kulia au kushoto hadi kuwe na uwazi kati ya kichwa na kila kitu cha nyuma. Uwazi huo ndio unaompa mtu umbo lake. Kwa kundi la watu ni vilevile: wavuvi watano waliosongamana wanakuwa doa moja, lakini wakiachiana nafasi ya kiganja unawahesabu.

Mwanga: ziwa letu liko magharibi

Kila ufuko una saa zake. Upande wetu wa Tanzania, ziwa liko magharibi na milima ya Umatengo iko mashariki. Maana yake jua linatokea nyuma ya milima na kuzama upande wa maji. Jua hilo dogo la jiografia linaamua picha zako zote, kwa hiyo lielewe.

Asubuhi, jua likishavuka milima, linatoka nyuma yako ukiwa umeelekea ziwani. Ndiyo saa wavuvi wa usipa wanarudi baada ya kukesha na taa zao majini. Mwanga unawapiga usoni, na usipa wanang'aa kama vipande vya bati. Hiyo ndiyo saa ya kupiga watu wakiwa na ziwa nyuma yao.

Jioni mambo yanageuka. Anayesimama kuipa mgongo ziwa analiziba jua kwa mwili wake, na uso wake uko kivulini. Macho yetu hujirekebisha kila yanaporuka kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye giza, ndiyo maana mimi nilimwona bibi akicheka. Simu ilipima mwanga wa fremu nzima, ambayo ilijaa mbingu inayowaka, ikapunguza mwanga ili mbingu isiungue. Uso ukawa mweusi. Siku hizi simu nyingi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha ili kuokoa vivuli. Zinasaidia, ila hazifanyi miujiza.

Una njia tatu. Ya kwanza, geuza: wewe uipe mgongo ziwa, yeye aangalie maji. Mwanga wa saa kumi na moja jioni utamwangukia usoni, na nyuma yake utapata milima. Ya pili, gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga pale, ukubali mbingu ipauke. Ya tatu, kubali weusi kwa makusudi: mweke kiubavu ili pua, kidevu na jembe begani vionekane kama umbo. Umbo jeusi lenye kingo safi ni picha nzuri sana. Umbo jeusi lililoelekea kamera moja kwa moja ni gunia.

Na mchana? Lipingo iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya utosi, na siku nyingi nyingine liko karibu na hapo. Macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Mpeleke ukingoni mwa kivuli cha mwembe, uso uelekee nje. Mchanga mweupe wenye jua mbele yake utamrudishia mwanga laini kutoka chini, bure kabisa.

Ruwaza, rangi na nafasi tupu

Ukipanda kutoka ziwani kwenda Mbinga utayaona mashamba ya ngoro. Wamatengo hulaza nyasi kwenye mteremko kwa miraba, huzifunika kwa udongo unaochimbwa katikati, na kila mraba unabaki na shimo linaloshika maji ya mvua na kuzuia udongo usisombwe. Ukiwa kilima cha pili, mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Ruwaza kama hiyo inafurahisha macho kwa sekunde chache, kisha macho yanachoka kwa sababu hayana pa kutua. Subiri mama mmoja aingie na jembe lake. Kitu kimoja kinachovunja ruwaza ndicho macho hukimbilia.

Zingatia pia saa. Jua la adhuhuri linafuta ngoro, maana mashimo yanakosa vivuli. Jua la ubavuni, asubuhi au jioni, linajaza kila shimo nusu giza nusu mwanga, na unaweza karibu kuligusa. Ni hivyohivyo kwa dagaa waliotandazwa, kwa nyavu, na kwa mikono ya wazee.

Kuhusu rangi, jicho huzipima kwa jozi zinazopingana: nyekundu dhidi ya kijani, manjano dhidi ya bluu. Ndiyo maana kitenge cha chungwa mbele ya maji ya bluu kinaruka machoni. Kile cha bibi kingefanya kazi hiyo vizuri kama ningekipa mwanga. Lakini ndoo nyekundu pembeni inaruka vilevile. Ukiiona, isogeze.

Halafu kuna ile gridi ya mistari minne kwenye kamera ya simu. Ushauri wa theluthi, wa kuweka jambo kuu kwenye mstari badala ya katikati, una mizizi katika kanuni aliyoiandika Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797 alipokuwa akizungumzia michoro ya mandhari. Ni ushauri mzuri wa kuanzia, si sheria ya maumbile. Mtu anayetazama kulia, mwachie nafasi kulia ili atazame kitu. Mtu anayekutazama wewe moja kwa moja anaweza kukaa katikati bila wasiwasi wowote.

Jaribio la dakika tano

Chukua mtu mmoja na umwombe ruhusa. Mpige mara moja kama ulivyozoea. Kisha fanya haya manne: sogea hadi ajaze angalau nusu ya fremu, panda au shuka hadi upeo uondoke shingoni, fumba jicho moja, usogee hadi nyuma yake pawe safi, geukeni hadi mwanga umguse usoni. Mpige tena. Weka picha mbili bega kwa bega umwonyeshe mtu wa tatu, umuulize anaona nini kwanza.

Nilifanya hivyo mwaka jana na mjomba, mdogo wake mama, akiwa anashona nyavu asubuhi.

"Shikamoo mjomba. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Mbona unachuchumaa hivyo, umeangusha kitu?"

Nikapiga. Uso umejaa mwanga, vidole viko kwenye uzi, nyuma maji matupu. Nilimwonyesha nikiwa na fahari kidogo. Akaitazama muda mrefu.

"Ni mimi kweli. Ila mtumbwi wangu uko wapi?"

Niliukata kwa makusudi, kwa kuwa ulinisumbua kwenye fremu. Kwake yeye, picha bila mtumbwi ni picha ya mtu mwingine. Tukausukuma wote wawili hadi pembeni yake, nikapiga tena. Hiyo ya pili ndiyo niliyoichapisha, na ndiyo iliyo ukutani kwake sasa.